Kamusi za mizuka na imani za ajabu: nitajuaje ipi ina msingi na ipi imenakili tu?

Msoma_Tanbihi

Wakuu, salaam.

Naomba mwongozo kwa wanaofahamu vitabu vya marejeo kuhusu mizuka, ngano, uchawi na imani za ajabu. Ninavihitaji kwa kazi ya kuandika makala, kwa hiyo kila ninachonukuu lazima niweze kuonyesha kimetoka wapi.

Kikwazo ni kwamba ensaiklopidia nyingi za fani hii zinafanana kupita kiasi. Habari ya nyumba fulani yenye mizuka, au ya mtu aliyetoweka mbele ya mashahidi, unaikuta katika vitabu vitatu kwa maneno yanayokaribiana: mwaka uleule, jina lilelile, na chini hakuna tanbihi hata moja. Ukiviweka mezani vyote vitatu unaona kama una ushahidi wa watu watatu, kumbe huenda ni mtu mmoja aliyenakiliwa mara mbili.

Vitabu gani ndivyo vya msingi kweli, na kila kimoja kinafaa kwa kazi gani? Nikishika kitabu nisichokijua, nikipimeje kabla ya kukinunua? Na zile faharasa zenye herufi na namba, kama E332.3.3.1, zinasomwaje? Naona zinatajwa tu bila maelezo.

Natanguliza shukrani.

---

Kidahizo

Mkuu, anza kwa kutenganisha aina za vitabu. Watu huviita vyote ensaiklopidia wakati kazi zake ni tofauti kabisa, na ndiyo maana vinawaangusha.

Ya kwanza na ya maana kuliko zote kwa kazi yako ni kamusi ya nukuu zenye tarehe. Mfano bora ni *A Dictionary of Superstitions* ya Iona Opie na Moira Tatem (Oxford University Press, 1989). Vidahizo, yaani vichwa vya maingizo, vimepangwa kialfabeti kwa kitu au wazo kuu la imani yenyewe, na chini ya kila kidahizo nukuu zinashuka kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, kila moja na mwaka wake na kitabu ilikotoka. Wahariri hawakuhubirii asili ya imani. Wanakuonyesha ilianza kuandikwa lini, nawe unaiona inavyobadilika karne hadi karne. Steve Roud, katika *The Penguin Guide to the Superstitions of Britain and Ireland* (2003), anakamilisha kazi hiyo kwa upande wa hukumu: anakueleza waziwazi imani ina umri gani na ni maelezo gani ya asili yake hayana mguu wa kusimamia. Ila vyote viwili vinahusu Uingereza na Ireland. Usivitumie kusema "duniani kote".

Uone tofauti kwa Ijumaa ya tarehe 13. Ensaiklopidia za juujuu zitakuambia chanzo chake ni kukamatwa kwa mashujaa wa Templar (shirika la wapiganaji wa Kikristo la Zama za Kati) nchini Ufaransa, Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307. Tarehe hiyo ni ya kweli. Lakini ukizifuata nukuu kwa mpangilio wa miaka unakuta mambo mawili yaliyotembea kila moja na njia yake. Ijumaa kuwa siku ya nuksi ipo tayari kwa mshairi Mwingereza Chaucer, karne ya 14. Watu 13 kukaa pamoja kuwa nuksi ipo katika gazeti la *The Spectator* la tarehe 8 Machi 1711. Ijumaa na 13 kushikamana kunaonekana katika maandishi kuanzia karne ya 19, na Templar wanaingizwa baadaye zaidi. Pengo la miaka 500 hivi kati ya tukio na imani linajitokeza lenyewe kwenye kamusi ya nukuu. Kwenye ensaiklopidia isiyo na tarehe huwezi kuliona, kwa kuwa hakuna cha kulinganisha.

Aina ya pili ni mikusanyo ya matukio. *Phantasms of the Living* ya Gurney, Myers na Podmore (1886, juzuu mbili) ina matukio 702 yenye namba, mengi yakiwa na barua za mashahidi wenyewe. Thamani yake haitegemei kama unaamini mizuka au huamini. Thamani ni kwamba unaweza kuuliza: shahidi aliandika lini? Siku ileile, au miaka 20 baadaye? Alimwambia mtu mwingine kabla habari ya kifo haijafika? Waandishi walijiwekea mpaka wa saa 12 kabla au baada ya kifo kwa maono ya mtu anayekufa, nawe unaweza kukagua tukio moja moja kama limetimiza sharti hilo. Iliyofuata, ripoti ya sensa ya maono ya mwaka 1894, ilikusanya majibu 17,000, na takriban asilimia 10 walisema wamewahi kuona, kusikia au kuhisi kitu wakiwa macho bila sababu ya nje. Asilimia hiyo inanukuliwa mno siku hizi bila kutaja swali lililoulizwa, na swali ndilo linaloipa maana.

Aina ya tatu ndizo ensaiklopidia za muhtasari, na hapa ndipo kunakiliana kunapokithiri. Mfano ulio wazi: Lewis Spence alitoa *An Encyclopaedia of Occultism* mwaka 1920, Nandor Fodor akatoa ya kwake kuhusu mambo ya roho miaka ya 1930, kisha mwaka 1978 Leslie Shepard akaziunganisha zote mbili kuwa msingi wa *Encyclopedia of Occultism and Parapsychology*. Hakuficha, imeandikwa hivyo. Kwa hiyo ukikuta maneno yaleyale kwa Spence na kwa Shepard, una shahidi mmoja tu, na ni wa 1920. Upande wa wenye shaka kuna ya James Randi (1995) na *The Encyclopedia of the Paranormal* iliyohaririwa na Gordon Stein (1996). Soma tukio moja pande zote mbili uone kila mmoja ameacha nini.

Kuhusu kupima kitabu usichokijua, fungua kidahizo ambacho mwisho wake unajulikana. Mimi napendekeza picha za vibwengo wa Cottingley, kijiji cha Uingereza, kwa sababu zinampima mwandishi pande zote. Picha ni tano, za 1917 na 1920. Mwaka 1983 mabinamu wawili waliozipiga walikiri kwamba vibwengo ni michoro iliyokatwa na kusimamishwa kwa pini za kofia, na mfano wa michoro ulitoka katika kitabu cha watoto cha 1914. Lakini Frances, mmoja wao, aliendelea kushikilia kwamba picha ya tano ni ya kweli. Kitabu kilichochapishwa baada ya 1983 kisichotaja kukiri huko, kirudishe rafuni. Kinachotaja kukiri lakini kikaficha msimamo wa Frances nacho kina upande wake. Kinachoeleza yote mawili na kusema nani alisema nini lini, hicho kinastahili fedha yako.

Kisha geuza mwisho wa kitabu. Orodha ndefu ya vitabu iliyorundikwa ukurasa wa mwisho haikusaidii kitu kama huwezi kujua kipi kilitumika kwa kidahizo kipi. Tafuta marejeo chini ya kila kidahizo, yenye namba ya ukurasa.

---

Toleo_la_Kwanza

Nyongeza juu ya kunakiliana. Njia ya uhakika zaidi ya kujua nani kamnakili nani ni kufuata makosa. Jambo la kweli watu wawili wanaweza kulipata kila mmoja kivyake. Kosa lilelile mahali palepale, hapana.

Daktari Johann Weyer aliambatanisha na kitabu chake *De praestigiis daemonum*, katika toleo la 1577, orodha ya pepo 69. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot aliitafsiri orodha hiyo ndani ya *The Discoverie of Witchcraft*, na pepo wa 4 wa Weyer, aitwaye Pruflas, akadondoka. Sasa chukua *Goetia*, kile kitabu cha uganga cha karne ya 17 chenye pepo 72 ambacho wengi hukinukuu kama hekima ya enzi za Nabii Suleimani. Pruflas hayumo. Ndiyo maana wachambuzi wanaona mtungaji wake alikuwa na tafsiri ya Scot mkononi, au kitu kilichotokana nayo. Ukikuta orodha ya pepo katika kamusi ya leo, mtafute Pruflas kwanza. Akiwepo, mwandishi amemfikia Weyer kwa njia moja au nyingine. Asipokuwepo, huenda umeshika mjukuu wa Scot.

Na hapohapo kuna jambo la matoleo, ambalo linaharibu makala nyingi nzuri. Scot aliandika ili kuonyesha kwamba mashtaka ya uchawi ni dhuluma na kwamba miujiza mingi ni ujanja wa mikono. Ameeleza hata mbinu za wafanya mazingaombwe. Alifariki 1599. Toleo la 1665 liliongezewa na mtu asiyetajwa sura tisa mwanzoni mwa kitabu cha 15, pamoja na sehemu nzima ya pili katika makala ya mwisho kuhusu pepo na roho. Nyongeza hizo ni maelekezo ya kuita pepo, kinyume kabisa na nia ya Scot. Mtu akichukua toleo la 1665 na kuandika "Scot anafundisha kuwa...", amemsingizia marehemu. Kwa hiyo usitaje jina la kitabu peke yake. Taja mwaka wa toleo ulilolisoma.

Vivyo hivyo *Dictionnaire infernal*, kamusi ya pepo ya Mfaransa Collin de Plancy. Toleo la kwanza ni la 1818. Zile picha maarufu za pepo, zinazosambaa kila mahali zikiitwa "michoro ya Zama za Kati", zilichorwa na Louis Le Breton kwa toleo la 1863. Isitoshe, kati ya matoleo hayo de Plancy aligeukia Ukatoliki kwa moyo wote na kubadili sauti ya kitabu. Sentensi ya dhihaka ya 1818 na sentensi ya kichamungu ya 1863 zinaweza kutoka chini ya kidahizo kimoja.

*Malleus Maleficarum* nayo, kile kitabu cha karne ya 15 cha kuwasaka wachawi, usitegemee tafsiri ya Montague Summers ya 1928 pekee. Summers mwenyewe aliamini wachawi ni hatari halisi na utangulizi wake unatetea kitabu. Tafsiri ya Christopher Mackay (2006) imewekwa pamoja na Kilatini, unaweza kuhakiki neno kwa neno.

---

Msoma_Tanbihi

Wakuu, hii ya Pruflas nimeipokea kwa mikono miwili. Hakika nilikuwa natafuta kufanana kwa maneno tu, sikufikiria kutafuta kilichokosekana.

Mwenye ufahamu wa zile namba za motifu tafadhali asogee. Na je, faharasa hizo zina ngano za Afrika na za Waarabu, au ni za Ulaya tupu?

---

Juzuu_la_Sita

Namba hizo ni za *Motif-Index of Folk-Literature* ya Stith Thompson, faharasa ya motifu, yaani vipande vya masimulizi vinavyojirudia. Toleo la kutumia ni lile lililorekebishwa, 1955 hadi 1958, juzuu 6. La mwanzo la 1932 hadi 1936 ni dogo zaidi, na ukichanganya namba za matoleo mawili msomaji wako atapotea.

Kila herufi ni mlango. A ni visasili vya uumbaji na miungu, B wanyama, C miiko, D sihiri, E wafu, F maajabu, G mazimwi na wachawi, M kuagua na laana, N bahati na majaliwa. Kwa mada yako utaishi ndani ya D, E, F na G. Juzuu la 2 lina D na E, la 3 lina F hadi H.

Usianze kwa kupekua juzuu hayo. Anza na la 6, ambalo ni faharasa ya maneno. Chukua neno la jumla, halafu la mahususi, halafu tendo lenyewe: mzuka, barabara, kuomba lifti. Andika namba zote zinazotokea, hata zinazoonekana hazihusiki. Kisha nenda kwenye juzuu lenyewe na usome tawi lote juu na chini ya namba yako, usiishie kwenye mstari mmoja.

Tuchukue hiyo uliyoitaja. E ni wafu. E300 hadi E399 ni wafu wanaorudi kwa wema. E332 ni mizuka ya barabarani isiyo na nia mbaya. E332.3 ni mzuka anayemwomba msafiri ampakie, E332.3.3 anaomba kupanda gari, na E332.3.3.1 ndiye abiria anayetoweka. Kila nukta ni hatua moja ndani zaidi. Si desimali: .10 huja baada ya .9, si baada ya .1.

Umeona kilichojificha hapo? Abiria anayetoweka amewekwa upande wa wafu wema. Anayetafuta mizuka ya kutisha atafungua E200 hadi E299, wafu wabaya, na atatoka mikono mitupu akidhani motifu haimo. Uainishaji una hukumu ndani yake, kwa hiyo angalia matawi yote mawili kila mara, pamoja na E400 hadi E599 yenye mambo mchanganyiko ya mizuka.

Ukishapata namba, fuata vifupisho vilivyo mbele yake hadi kwenye orodha iliyoko mwanzoni mwa juzuu la 1. Hapo ndipo wengi huchoka na kuacha, wakati kazi ndiyo kwanza imeanza. Namba yenyewe ni droo tu. Ushahidi ni makala iliyomo ndani. Kwa abiria huyu, makala ya kusoma ni ya Richard Beardsley na Rosalie Hankey katika *California Folklore Quarterly* ya 1942. Walikusanya masimulizi 79 na kuyagawa makundi manne. Katika A abiria anatoa anwani na dereva anaambiwa huko kwamba alishafariki. Katika B ni bibi kizee anayetabiri. Katika C ni msichana aliyekutwa dansini, na nguo au kitu kinapatikana kaburini. Katika D abiria anatambulika baadaye kuwa mungu wa mahali hapo, kama Pele wa Hawaii. Ukiwa na mgawanyo huo unaweza kusema simulizi lako ni la kundi gani, badala ya kusema tu "ni hadithi inayojulikana". Ernest Baughman (1966) ameongeza vijitawi vya Uingereza na Amerika Kaskazini kwa herufi ndogo mwishoni mwa namba.

Faharasa ya pili ni ya aina za ngano, yaani ngano nzima na si kipande. Antti Aarne aliitoa 1910, Thompson akaipanua 1928 na 1961, na Hans-Jörg Uther akaiandika upya 2004 katika juzuu tatu. Namba za 1961 huandikwa AT, za 2004 huandikwa ATU, na hazilingani kila mahali kwa sababu Uther aliunganisha baadhi ya aina na kuzipa nyingine majina mapya. Wanyama ni 1 hadi 299, ngano za sihiri 300 hadi 749, za kidini 750 hadi 849, na kuendelea hadi 2399. Ndani ya muhtasari wa kila aina Uther ameweka namba za motifu kwenye mabano, kwa hiyo unaweza kuvuka kutoka faharasa moja hadi nyingine. Kwa mfano ATU 365, maiti ya mchumba inayomchukua bibi arusi wake usiku, inakupeleka kwa motifu E215.

Kosa kubwa linalofanyika hapa ni kutafutia namba ya ATU kila simulizi la mzuka. ATU ni ya ngano zinazosimuliwa kama ngano. Masimulizi ambayo watu huyaeleza kuwa yalitokea kweli yana faharasa yake: *The Migratory Legends* (kwa kifupi ML) ya Reidar Christiansen (1958), namba 3000 hadi 8025. Mtoto aliyebadilishwa na viumbe wa siri, kwa mfano, ni ML 5085. Christiansen aliijenga juu ya masimulizi ya Norwei, lakini mpangilio wake unatumika mbali zaidi.

Kuhusu Afrika: Thompson anazo rejea za Afrika, ila ni chache ukilinganisha na utajiri uliopo. Ziada ziko katika tasnifu. May Klipple (1938) alilinganisha ngano za Afrika na za nje, na kazi yake ikachapishwa 1992. Ojo Arewa (1966) alishughulikia ukanda wa wafugaji wa kaskazini mwa Afrika Mashariki. Winifred Lambrecht (1967) alishughulikia Afrika ya Kati. Kwa Waarabu huwezi kumkwepa Hasan El-Shamy, mwongozo wa motifu (1995) na faharasa ya aina (2004). Hii ina matokeo ya moja kwa moja kwako: usipoikuta imani fulani ya Kiafrika kwa Thompson, hujathibitisha kwamba haipatikani kwingine wala kwamba ni ya kipekee. Umethibitisha tu kwamba Thompson hakuwa na kitabu chake. Pia aliacha kwa makusudi sehemu kubwa ya visa vya matusi na ngono, jambo ambalo Alan Dundes alilikosoa waziwazi 1997. Imani nyingi za wachawi na majini zina upande huo, na utaukosa kabisa.

---

Kidahizo

Nakazia hilo la mwisho la Juzuu_la_Sita. Na kwa anayesoma Kijerumani, kuna hazina mbili: *Handwörterbuch des deutschen Aberglaubens*, kamusi ya imani za ajabu za Wajerumani (1927 hadi 1942, juzuu 10, la mwisho ni faharasa), na *Enzyklopädie des Märchens*, ensaiklopidia ya ngano (1975 hadi 2015, juzuu 15). Tanbihi zake pekee zinatosha kukuelekeza, hata kama unasoma kwa msaada wa kamusi.

---

Mpekuzi

Hakuna aliyegusa habari za matukio ya ajabu ya magazetini, nami naona ndiko makala nyingi zinakozama.

Charles Fort alitoa vitabu vinne, kuanzia *The Book of the Damned* (1919) hadi *Wild Talents* (1932), na mwaka 1941 vikatolewa pamoja vikiwa na faharasa. Wengi humchukulia kama mtu wa mauzauza, lakini kwa mtafiti ana sifa moja kubwa: anataja chanzo. Anakitaja kwa mkato tu. Ukiona *Notes and Queries* ikifuatwa na namba tatu zenye vistari, tuseme 5-3-306, soma hivi: mfululizo wa 5, juzuu la 3, ukurasa wa 306. Jarida hilo lilianza kuhesabu juzuu upya kila mfululizo, kwa hiyo ukipuuza namba ya kwanza utafungua juzuu la 3 la mfululizo mwingine, ukose habari, kisha umtangaze Fort kuwa mwongo. Ukiipata makala, tenganisha kilichoandikwa na jarida na kile Fort alichoongeza kama tafsiri yake. Yeye huvichanganya katika aya moja.

William Corliss, aliyeanza mradi wake wa vitabu vya vyanzo kuhusu mambo yanayoikanganya sayansi mwaka 1974, ni mpole zaidi kwa msomaji. Katika katalogi zake za kuanzia 1982 kila jambo lina alama mbili za 1 (ya juu kabisa) hadi 4 (ya chini): moja ya ubora wa data, nyingine ya jinsi jambo lenyewe linavyogongana na sayansi. Soma zote mbili. Jambo lenye 1 kwa ugeni na 4 kwa data ni uvumi mzito tu. Lenye 1 kwa data na 3 kwa ugeni huenda ni radi ya aina adimu yenye mashahidi wengi wazuri, na hilo ndilo linalostahili makala.

Sasa njia ya kurudi kwenye chanzo. Chukua madai, tafuta chapisho la zamani kabisa linaloyataja, halafu uulize kama chapisho hilo ni habari au ni hadithi ya kubuni. Malaika wa Mons, wanaodaiwa kuwatokea askari wa Uingereza vitani huko Ubelgiji, ni somo kamili. Vita vya Mons vilikuwa tarehe 23 Agosti 1914. Tarehe 29 Septemba gazeti la *Evening News* la London lilichapisha hadithi fupi ya Arthur Machen ambamo wapiga mishale wa kale wa Agincourt wanatokea kuwasaidia askari wa Uingereza. Haikuwekewa alama ya kuonyesha ni ya kubuni. Majarida ya parokia yakaomba kuichapisha upya, na kufikia 1915 wapiga mishale walishakuwa malaika, wakiwa na "mashahidi" walionukuliwa kupitia mtu aliyesikia kwa mtu. Machen alikana mwaka huohuo katika utangulizi wa kitabu chake, na hakusikilizwa. Ukitafuta kidahizo hiki katika ensaiklopidia, angalia tarehe ya ushuhuda wa kwanza kabisa. Kama ni wa baada ya 29 Septemba 1914, mwandishi anapaswa kukuambia hivyo.

Mkulima David Lang, anayedaiwa kutoweka karibu na Gallatin, Tennessee, tarehe 23 Septemba 1880, ni wa mkondo huohuo. Habari yake ilipata nguvu kupitia jarida la *Fate* la 1953, lakini Ambrose Bierce alishachapisha mwaka 1888 hadithi fupi ya mwenye shamba anayetoweka uwanjani mbele ya watu. Waliopekua kumbukumbu za mahali hapo hawakumpata Lang. Kumbuka: tarehe kamili, yenye siku na mwezi, haiongezi uzito wowote. Mtu anayebuni naye anajua kuandika tarehe.

Jambo la kiufundi kwa wanaotafuta ndani ya skani za vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800: herufi s ya zamani ilichapwa ndefu, na programu ya kusoma maandishi huiona kama f. Ukitafuta neno "superstition" ndani ya kitabu cha Francis Grose cha 1787 huenda usipate kitu, jaribu "fuperftition". Tafuta pia kwa sehemu ya neno isiyo na s. Na kabla ya kuamini kwamba neno halimo, pitia kurasa za yaliyomo kwa macho, kwa sababu kurasa zilizopinda katikati husomwa ovyo na kutoonekana kabisa katika utafutaji.

---

Msoma_Tanbihi

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: fedha ni ya vitabu viwili tu kwa sasa. Vipi?

---

Kidahizo

Opie na Tatem, na *A Dictionary of English Folklore* ya Jacqueline Simpson na Steve Roud (2000). Usinunue Scot wa 1584, *Phantasms* ya 1886, Fort wa 1919 wala Spence wa 1920. Skani zake zipo bure katika maktaba za kidijitali, hakikisha tu unapakua toleo lenye mwaka unaoutaka na kurasa za mbele zimo. Uther wa 2004 bado yuko chini ya hakimiliki na juzuu zake ni ghali, kwa hiyo mtafute katika maktaba ya chuo kikuu chenye idara ya fasihi simulizi. Ukifika, piga picha ukurasa wa vifupisho kwanza.